Chumba cha Rangi: Filta ya Kuandika Mwenyewe na Ngozi ya Bibi Harusi

Tangu nilipodokeza kwenye ukurasa huu kwamba filta ninazotumia studio hapa Morogoro nimeziandika kwa mkono wangu, maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu limenigusa, na yaliyobaki nitayajibu kwa kadiri ya uzito wake.

Shikamoo dada. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Mwanza, huu mwaka wa tatu. Nimenunua na kupakua filta nyingi za faili la .cube. Kwenye picha za mfano zinapendeza kweli, lakini nikiziweka kwenye kazi yangu bibi harusi anatoka wa kijivu kama aliyepakwa majivu. Nikipunguza nguvu ya filta, ule uzuri wa mandhari nao unaondoka. Nimesikia mtu anaweza kuandika filta yake. Mimi kompyuta sijasomea. Nitaweza? – Mpiga picha, Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Utaweza, na mimi pia sikusomea.

Nikueleze kwanza kwa nini nilianza. Mwaka 2016 nilipeleka albamu kwa familia moja. Nilikuwa nimetumia filta ya kununua, ile inayotia samawati kwenye vivuli. Mama wa bibi harusi alifungua ukurasa wa kwanza, akakaa kimya, kisha akalamba kidole gumba na kufuta shavu la mwanawe kwenye picha. Alidhani ni vumbi. Alifuta mara mbili. Nilirudi na ile albamu chini ya kwapa, nikazisafisha upya picha zote kwa pesa yangu, na usiku ule nikaanza kutafuta ndani ya faili la filta kuna nini.

Wewe pia anza hapo. Chukua faili lako mojawapo la .cube ulifungue kwa Notepad, si kwa programu ya picha. Utaona maandishi ya kawaida tu. Juu kuna mstari unaotaja ukubwa, mara nyingi 33, na chini yake mistari mingi yenye namba tatu tatu kati ya 0 na 1. Kila mstari ni jibu la swali moja: ikiingia rangi hii, itoke rangi gani? Namba ya kwanza ni nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Nyekundu ina ngazi 33, kijani 33, bluu 33, kwa hiyo mistari ni 33 mara 33 mara 33, yaani 35,937. Rangi zinazoangukia katikati ya ngazi mbili, programu inazikadiria yenyewe kutoka kwa majirani zake. Hakuna kingine ndani. Mtu uliyemlipa pesa alikuuzia orodha ya majibu, na majibu hayo aliyapanga akiangalia nyuso zisizofanana na za wateja wako.

Sasa tuyatazame majivu yenyewe kwa karibu. Chukua kidude cha kuchovya rangi cha programu yako ya picha, ambayo huhesabu kila rangi kuanzia 0 mpaka 255 badala ya 0 mpaka 1, ukiguse kwenye shavu la bibi harusi mwenye ngozi ya maji ya kunde iliyokolea. Tuseme umepata nyekundu 110, kijani 70, bluu 50. Filta za mtindo ule hufanya hivi: kadiri sehemu ilivyo na giza, ndivyo zinavyopunguza nyekundu na kuongeza bluu. Kwenye hesabu nitakayokupa hapa chini, shavu hilo linatoka na 96, 76, 72. Tazama pengo kati ya nyekundu na bluu. Lilikuwa 60, limebaki 24. Pengo hilo ndilo joto la ngozi, na likibanwa kiasi hicho rangi inayobaki ni kijivu. Chukua sasa shavu la mtu mweupe, tuseme 225, 175, 150, ulipitishe kwenye hesabu ileile. Linatoka 222, 176, 154. Pengo lilikuwa 75, limekuwa 68, na hakuna atakayeona. Filta haikuharibika, wala wewe hukukosea mwanga. Aliyeiandika aliita giza "kivuli", na kwa hesabu yake uso mzima wa mteja wako ni kivuli.

Jambo hili lina historia. Enzi za filamu, maabara za picha zilipokea kutoka Kodak kadi zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na mafundi walirekebisha rangi mpaka ngozi ya mwanamke yule itoke sawa. Malalamiko yaliyosikilizwa mapema kuhusu rangi za kahawia kutoonekana vizuri yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Kadi yenye watu wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Nikiona filta za leo zikifanya yaleyale, naumia, kwa sababu leo chombo cha kusahihisha kiko mikononi mwetu na hakina gharama.

Kitu kitakachokusaidia ni hiki. Ukipanga rangi zote kwenye duara la nyuzi 360, nyekundu kamili ikiwa 0, njano 60, kijani 120, ngozi za binadamu hazitawanyiki duara zima. Hukaa karibu karibu, kwenye kipande kidogo kati ya nyekundu na njano. Lile shavu la 110, 70, 50 liko kwenye nyuzi 20. La yule mtu mweupe, 225, 175, 150, nalo liko nyuzi 20. Wanachotofautiana zaidi ni mwanga. Kwa hiyo ukilinda kipande hicho cha duara, umelinda ngozi ya bibi harusi, ya bwana harusi na ya mgeni kutoka ng'ambo kwa pamoja.

Sakinisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ni bure, kisha andika haya kwenye faili uliite harusi.py:

```
import colorsys

N = 33

def bana(k):
    return min(1.0, max(0.0, k))

def filta(r, g, b):
    h, s, v = colorsys.rgb_to_hsv(r, g, b)
    kivuli = 1 - v
    r2 = r - 0.10 * kivuli
    g2 = g + 0.04 * kivuli
    b2 = b + 0.15 * kivuli
    umbali = abs(h * 360 - 20)
    ulinzi = max(0, 1 - umbali / 20) * min(1, s / 0.2)
    return (bana(r2 + (r - r2) * ulinzi),
            bana(g2 + (g - g2) * ulinzi),
            bana(b2 + (b - b2) * ulinzi))

with open("harusi.cube", "w") as f:
    f.write("LUT_3D_SIZE 33\n")
    for b in range(N):
        for g in range(N):
            for r in range(N):
                f.write("%.6f %.6f %.6f\n" % filta(
                    r / (N - 1), g / (N - 1), b / (N - 1)))
```

Ukiiendesha, utapata faili la harusi.cube palepale kwenye folda.

Isome taratibu. Mistari mitatu ya r2, g2 na b2 ndiyo filta yenyewe, ile iliyotoa majivu. Nimeiacha makusudi ili uone kwamba haikuwa na uchawi. Kazi mpya iko kwenye "umbali" na "ulinzi". Umbali unapima rangi iko mbali kiasi gani na nyuzi 20. Ikiwa palepale, ulinzi ni 1, na rangi inarudishwa kama ilivyoingia. Ikiwa mbali kwa nyuzi 20 au zaidi, ulinzi ni 0, filta inafanya inavyotaka. Katikati yake inapungua polepole, na huo upole ndio unaozuia ukingo wa shingo usionekane kama umechorwa kwa kalamu.

Ile 20 ya kugawanyia usiikuze bila kufikiri. Duara linaanza upya kwenye nyekundu kamili: 359 na 0 ni majirani, lakini kwa hesabu yangu ya kutoa, 359 iko mbali sana na 20. Ukiandika 30 hapo, nyekundu ya nyuzi 1 italindwa kidogo na nyekundu ya nyuzi 359 haitalindwa kabisa, na gauni jekundu la msimamizi litatoka na mabaka. Mimi yamenitokea kwenye zulia jekundu la ukumbi.

Kipande cha s / 0.2 kinahusu rangi zilizopauka. Kijivu cha ukuta kina chembe za rangi hapa na pale, nyingine zinaangukia nyuzi 20 kwa bahati tu, na bila kipande hiki ukuta utakuwa na madoa ya joto.

Na usibadilishe mpangilio wa zile for tatu. Kwenye .cube, nyekundu ndiyo inayobadilika haraka zaidi, kwa hiyo r lazima ikae ndani kabisa. Ukiipeleka nje, nyekundu na bluu zinabadilishana nafasi, na harusi nzima inatoka na nyuso za bluu.

Namba 20 ya ngozi ni ya wateja wangu, mwanga wangu na kamera yangu. Usiichukue kama ilivyo. Chukua picha kumi za kazi yako zilizopigwa kwenye mwanga mzuri, gusa paji la uso na shavu, uandike nyuzi kwenye daftari, kisha tumia ile ya katikati. Ujue pia kwamba kila kitu chenye rangi ya familia hiyo kitalindwa pamoja na ngozi: mlango wa mninga, udongo mwekundu, viatu vya ngozi. Mimi hilo limenifaa, maana ardhi inabaki na joto lake huku mbingu na majani yakipata ile samawati unayoipenda. Wewe utaamua.

Faili hilo linafunguka Photoshop kupitia Color Lookup, ambayo imo tangu toleo la CS6. Darktable, programu nyingine ya picha, ina moduli yake ya LUT 3D, yaani ya orodha za rangi kama hii. DaVinci Resolve, programu ya video, inalisoma pia, ukitaka video ya harusi ifanane na picha, ila kwa video iliyopigwa kwa rangi za kawaida. Iliyopigwa kwa log, ile inayotoka kamerani ikiwa imepauka makusudi, igeuze kwanza, la sivyo namba zote hizi zitakuwa zinajibu swali jingine. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, utahitaji kuongeza G'MIC, programu ya bure iliyotengenezwa kwenye maabara ya GREYC mjini Caen, Ufaransa. Humo tafuta Apply External CLUT.

Hujambo dada. Mimi ni mwanafunzi, Nakuru. Nilipata hesabu ya rangi ya kahawia ya picha za kale nikaiandika kwa Python na NumPy, ile maktaba yake ya hesabu. Nyuso zimetoka vizuri sana, lakini mashati meupe ya mahafali yametoka bluu na mikunjo yake kijani. Nimerudia hesabu mara nyingi, naona iko sawa. – Mwanafunzi, Nakuru

Sijambo, na picha uliyoituma nimeitazama kwa makini. Hesabu yako ni ileile inayotumiwa kila mahali: nyekundu mpya ni 0.393 ya nyekundu, 0.769 ya kijani na 0.189 ya bluu, na kuendelea. Hukuikosea. Shida ni mahali unapoweka jibu.

Jumlisha hizo tatu. Unapata 1.351, zaidi ya moja nzima. Shati jeupe kabisa ni 255, 255, 255, kwa hiyo nyekundu yake mpya ni 344. Lakini sanduku la uint8, aina ya namba ambayo picha huhifadhiwa nayo, lina nafasi mwisho 255. Likijaa, linarudi sifuri na kuendelea kuhesabu, kama kilomita za pikipiki ya zamani zikifika mwisho. 344 ukitoa 256 inabaki 88. Kijani, jumla yake 1.203, kinafika 306 na kubaki 50. Bluu, jumla yake 0.937, haijai, inabaki 238. Shati lako limekuwa 88, 50, 238. Hiyo ndiyo bluu yako.

Na mikunjo? Mkunjo una kivuli kidogo, tuseme 200. Nyekundu inafika 270 na kugeuka 14, lakini kijani kinafika 240 tu, hakijajaa. Unapata 14, 240, 187, na hiyo ni kijani. Kuanzia mwanga wa 190 nyekundu inaanguka. Kuanzia 213 kijani nacho kinaanguka. Nyuso hazikuguswa kwa sababu hazifiki huko juu.

Ubane matokeo kabla ya kuyageuza:

```
matokeo = np.clip(matokeo, 0, 255).astype("uint8")
```

Bluu itaondoka. Ila mimi nisingeishia hapo. Ukibana tu, kila kitu chenye mwanga wa kuanzia 190 kinapata nyekundu 255 sawasawa, na mikunjo ya shati inafifia. Ni shati la mahafali, mtu kalipigia pasi asubuhi, mikunjo yake na kola yake vionekane. Gawanya namba zote tisa kwa 1.351 kwanza. Nyeupe itatoka 255, 227, 177, ile rangi ya karatasi iliyokaa kabatini, na hakuna kitakachojaa. Picha nzima itakuwa na giza kidogo kuliko ulivyozoea. Pandisha mwanga wa katikati baadaye ukiona haja.

Assalamu alaykum dada yangu. Nina picha ya bi harusi aliyevaa kisutu, na familia wanaitaka kwa nyeusi na nyeupe waitundike barazani. Nikiigeuza, kanga na uso vinakuwa kitu kimoja, huoni uso unaishia wapi na mtandio unaanzia wapi. Kwa rangi ilikuwa imewaka kweli. – Mama wa studio, Chake Chake

Waalaykum salaam dada, na hongera kwa kazi.

Kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe ni kuchagua kila rangi ihesabike kwa uzito gani. Programu nyingi zinakuchagulia: nyekundu 0.299, kijani 0.587, bluu 0.114, kwa sababu jicho huona kijani king'avu zaidi ya bluu. Nimepima picha yako. Nyekundu ya kisutu iko karibu na 190, 30, 40. Kwa uzito huo inatoka 79. Ngozi ya bi harusi, 110, 70, 50, inatoka 80. Umeona? Rangi mbili zilizokuwa mbali kabisa zimeangukia kijivu kimoja, na tofauti ya 1 jicho halioni.

Badilisha uzito. Mimi kwa kisutu natumia 0.7, 0.2 na 0.1. Kisutu kinapanda mpaka 143, ngozi inakaa 96, weusi wa kanga unabaki chini karibu na 28, na nyeupe haibadiliki kwa sababu namba tatu zinajumlika kuwa 1. Sasa una madaraja manne yanayotengana vizuri: weusi, uso, wekundu, weupe. Kwa Python yenye Pillow, maktaba yake ya picha, ni mstari mmoja:

```
picha.convert("L", (0.7, 0.2, 0.1, 0)).save("kisutu.png")
```

Picha iwe ya RGB, na ile sifuri ya mwisho iache. Ukiwa hutaki kuandika, GIMP ina Mono Mixer inayopokea namba hizohizo. Lakini ukiwa na harusi tatu kwa wiki, mstari huu ukiuzungushia folda nzima utakuachia jioni yako.

Tahadhari moja, na kwa Pemba naisema kwa mkazo: hina. Hina ni nyekundu ndani yake, na uzito wa 0.7 unaiinua pamoja na kanga, kwa hiyo maua ya mikononi yanafifia. Piko halina shida, ni jeusi. Picha ya mikono peke yake igeuze kwa uzito wa kawaida, na ya uso na kanga kwa uzito mpya. Bi harusi amekaa saa nyingi akichorwa mikono ile; isipotee kwa sababu ya namba.

Dada, nimesasisha GIMP kwenda 3.0 na skripti zangu zote za filta zimepotea kwenye menyu. Nifanyeje? – Msomaji, Arusha

Hazijapotea, zimekataliwa. GIMP 3.0 ilitoka Machi 2025, na ndani imebadilika sana kuliko sura yake inavyoonyesha. Skripti za Python zilizoandikwa kwa 2.10 zilitumia Python 2 na zilianza na mstari unaotaja gimpfu. Toleo jipya linatumia Python 3 na gimpfu haipo tena. Hizo zinahitaji kuandikwa upya, hakuna njia ya mkato. Ile sehemu ya hesabu ya rangi utaihamisha ilivyo. Kinachobadilika ni mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Kabla ya kuandika upya hakikisha mahali. Kila skripti ya Python lazima ikae ndani ya folda yake, na folda iitwe jina lilelile la faili: kahawia.py ndani ya folda ya kahawia. Kwenye Linux, faili lipewe pia ruhusa ya kuendeshwa. Nimewaona watu wawili wakihangaika siku nzima na msimbo usiokuwa na kosa lolote, kumbe folda tu.

Zile za Script-Fu, lugha ya skripti ya GIMP yenyewe, zenye mwisho wa .scm, zina nafuu. Nyingi zinahitaji kubadilishiwa majina machache. Linalokwama sana ni lile la kuuliza leya inayotumika, gimp-image-get-active-layer. Siku hizi mtu anaweza kuchagua leya kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo tumia gimp-image-get-selected-layers, ambayo inakupa kundi la leya, nawe uchukue ya kwanza. Na msimu wa harusi ukiwa umeanza, acha 2.10 kwenye kompyuta pamoja na 3.0. Hazigombani.

Habari za kazi dada. Filta yangu ya Python inafanya kazi, lakini picha moja ya simu inachukua muda mpaka naondoka mezani. Laptopu yangu ni ya zamani. Ninunue mpya? – Fundi picha, Tabora

Nzuri kaka. Usinunue bado.

Nimesoma skripti yako. Unatembea pikseli moja moja kwa for, unasoma rangi, unakokotoa, unaandika. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli milioni 12, na kila moja unaifanyia hesabu tatu, moja kwa kila rangi, milioni 36 kwa jumla. Lakini filta yako inaangalia kila rangi peke yake: nyekundu mpya inatokana na nyekundu ya zamani tu, kijani na kijani, bluu na bluu. Na nyekundu ina thamani 256 tu, 0 mpaka 255. Unauliza maswali 256 yaleyale mamilioni ya mara.

Kokotoa majibu 256 ya nyekundu mara moja, uyaweke kwenye orodha, ufuatishe 256 ya kijani na 256 ya bluu, orodha iwe na namba 768. Kisha mpe Pillow:

```
picha.point(orodha).save("tayari.jpg", quality=95)
```

Hapo Pillow haikokotoi chochote. Inaangalia tu jibu kwenye orodha, na inafanya hivyo kwa msimbo uliokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine. Laptopu yangu ni ya mwaka 2014 na inamaliza folda ya sendofu wakati nafunga vifaa.

Njia hii ina mpaka wake. Filta ikichanganya rangi, kwa mfano ile ya kahawia ya kijana wa Nakuru ambapo nyekundu mpya inahitaji kijani na bluu, orodha ya 768 haitoshi. Hapo rudi kwenye .cube niliyomwandikia mwenzako wa Mwanza, weka hesabu yako mahali pa r2, g2 na b2, na uondoe ulinzi kama huuhitaji. Skripti itakokotoa yale majibu 35,937 siku moja, na baada ya hapo programu yako ya picha itakuwa inayasoma tu.